Wifi ya nyumbani inakata na kurudi yenyewe kila jioni, vimistari vimejaa lakini hakuna kitu

Tausi_wa_Ghorofani

Wakuu habari za jioni, naomba mnisaidie maana nimechoka, na humu ndani naanza kuonekana mimi ndo mharibifu. Ni hivi, tuna intaneti ya faiba, kisanduku cha faiba kipo ukutani, halafu kuna waya unatoka pale unaingia kwenye ruta yetu wenyewe ambayo ipo sebuleni kwenye kabati la tv. Imefanya kazi karibu mwaka mzima hatujawahi hata kuikumbuka kama ipo. Sasa kama wiki tatu hivi imeanza kukata. Ingekuwa inakata moja kwa moja ningejua imekufa tukatafuta nyingine, hii inakata dakika mbili tatu inarudi, inakaa nusu saa safi kabisa, inakata tena. Mchana karibu haina shida, balaa linaanza jioni.

Kinachonichanganya, simu inaonyesha vimistari vya wifi vimejaa vyote ila ukifungua kitu kinazunguka tu, kinazunguka, mpaka unakata tamaa unawasha data ya simu. Mara nyingine laptopu inasema imeunganishwa ila hakuna intaneti. Na mara nyingine tena jina la wifi linapotea kabisa kwenye orodha, baadae linarudi lenyewe. Juzi nipo kwenye mkutano wa video nimeongea kama dakika nzima napanga hoja zangu vizuri kumbe wenzangu wananiona nimeganda mdomo wazi.

Nilichofanya mpaka sasa: nimezima na kuwasha ruta mara zisizohesabika, nimebadili pasiwedi nikidhani kuna jirani anachota, nimefuta mtandao kwenye simu nikaunganisha upya, hata ile riseti ya kubonyeza na pini nimefanya. Nikizima nikawasha inatulia kidogo halafu yale yale. Watoa huduma nimewapigia wanasema laini upande wao iko sawa. Sijabadilisha kitu chochote ndo maana sielewi. Vifaa ni laptopu moja, simu nne na tv. Nitafute ruta mpya au?

kipara_ngoto

Wifi anayekata na kurudi mwenyewe kila jioni, hapo ruta mpya haisaidii, mwite kaka yako mkae kikao 😂😂

Kasi_Tupu

Mkuu hiyo ni chaneli tu. Jioni majirani wote wamerudi, kila mtu wifi yake ipo hewani, mnagombania. Ingia kwenye setingi za ruta, bendi ya 2.4 (masafa ya wifi ya 2.4 GHz) toa otomatiki weka chaneli 1, 6 au 11, hizo tatu ndo hazikanyagani. Ukiweka 3 au 4 ukadhani umejificha unakuwa umekaa katikati ya wawili, unasumbuliwa na wote na wewe unawasumbua wote. Ukimaliza njoo useme asante.

Mzee_wa_Waya

Kasi_Tupu punguza mwendo, inaweza ikawa chaneli ila kwa maelezo haya hujui na mimi sijui. Mkuu Tausi (au dada, samahani kama nimekosea), kabla hujagusa setingi yoyote kuna kitu kimoja lazima tukijue, nacho ni kinachokata ni wifi au ni intaneti. Watu wengi wanaviita kitu kimoja lakini ni safari mbili. Ya kwanza ni kutoka kwenye simu yako mpaka kwenye ruta, hiyo ndo wifi. Ya pili ni kutoka kwenye ruta kwenda nje, hiyo ndo intaneti. Vile vimistari vinakuambia safari ya kwanza tu, na hata hiyo kwa upande mmoja (hili tutalirudia). Ni kama kuona bomba lipo ukutani linang'aa, haikuambii tangini kuna maji.

Fanya hivi jioni ikianza kusumbua, au bora uanze kabla haijasumbua. Kwenye laptopu fungua ule ukurasa mweusi wa kuandika amri (Command Prompt ya Windows), andika ipconfig, tafuta mstari wa lango (Default Gateway), yaani anwani ya ruta yako, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Halafu andika

ping 192.168.1.1 -t

(weka namba ya kwako). Fungua ukurasa mweusi wa pili uandike

ping 8.8.8.8 -t

Ziweke zote mbili zionekane kwa pamoja kwenye skrini, endelea na shughuli zako. Ile ya kwanza inagonga mlango wa ruta kila sekunde, ya pili inagonga huko nje kabisa kwenye seva za Google. Ikikata angalia ipi imekufa. Kama ya kwanza inaendelea kujibu milisekunde 2, 3, 4 na ya pili ndo imekwama, wifi yako haina kosa, kamata watoa huduma. Kama zote zimekwama kwa pamoja, tatizo lipo ndani ya nyumba yako na ruta mpya unaweza ukanunua tatu zote zikafanya hivyo hivyo.

Cha pili, jioni nyingine chomeka laptopu kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, uzime wifi ya laptopu, urudie hilo hilo.

Cha tatu ingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya hali ya mfumo, kuna mahali panaonyesha ruta imewaka kwa muda gani. Niambie panasema nini.

Na swali la mwisho, usikasirike. Kweli hujabadilisha kitu? Kifaa kilichotulia mwaka mzima hakiamki siku moja kikaamua kuwa na tabia mbaya. Wiki tatu zilizopita ilikuwaje hapo nyumbani?

shoka_la_bei

Msimsumbue dada wa watu na kurasa nyeusi. Watoa huduma ndo hao hao siku zote, "laini iko sawa" maana yake dakika ile aliyoangalia ilikuwa sawa. Angalia taa ya LOS kwenye kisanduku cha faiba, ikiwaka nyekundu hata mara moja wakati inakata basi mwanga haufiki, waya umekunjwa sana au kiunganishi kina vumbi. Na ukiweza kuingia kwenye ukurasa wa hicho kisanduku tafuta nguvu ya mwanga inayopokelewa, kwa faiba nyingi za majumbani inatakiwa iwe kati ya -8 na -27 dBm (kipimo cha nguvu, namba ikizidi kushuka chini ya sifuri mwanga ni hafifu zaidi). Ukikuta -28, -29 hapo ndo unapata siku nzuri siku mbaya, joto likibadilika kidogo tu inapotea. Yangu ilikuwa hivyo, kumbe kochi lilisogezwa likaukunja waya wa faiba nyuma yake, na waya wa faiba haukunjwi kama kamba ya viatu.

Mzee_wa_Waya

Shoka hilo la LOS ni la kweli na aliangalie. Ila faiba ikikata jina la wifi halipotei kwenye orodha. Ruta haihitaji intaneti ili itangaze jina lake, ukiichomoa waya wa faiba kabisa jina litabaki pale pale. Dada anasema linapotea. Hilo ndo linaninyima usingizi mimi.

Tausi_wa_Ghorofani

Ni dada ndiyo, msijali 😀 asanteni sana kwa kunijibu, na wewe wa kikao cha wifi nimecheka mpaka nimesahau hasira.

Jana jioni nimefanya. Lango langu ni 192.168.0.1. Kuanzia saa kumi na moja mpaka kama saa moja usiku zote mbili zilikuwa tulivu, ya ruta inajibu milisekunde 2, 3, 2, 3, ya nje 18, 19. Halafu tumekaa wote sebuleni nikaona ile ya ruta imeanza 45, 380, 12, 1200, halafu ikaandika muda umeisha mara nne mfululizo, ikarudi 600. Na ya nje hivyo hivyo wakati ule ule. Simu pembeni vimistari vimejaa. Nikasema haya nimekukamata.

Leo nikachomeka waya kama ulivyosema, wifi nimezima. Hapo nikachanganyikiwa zaidi maana kwa waya ilikuwa tulivu kabisa 1, 1, 1, 1, watu wengine wa wifi wanalalamika mimi kwangu moja tu, nikajua basi ni wifi. Nimefika kama dakika arobaini ghafla na kwa waya ikakata!! Zote mbili. Kama dakika mbili hivi, halafu ikarudi kama hakuna kilichotokea. Taa ya LOS haikuwaka nyekundu, niliikodolea macho.

Ukurasa wa ruta unasema imewaka kwa saa 1 na dakika 12. Sasa mimi tangu asubuhi sijaigusa na umeme haujakatika, saa ya jiko haijarudi kwenye sifuri.

Kubadilisha hatujabadilisha kitu jamani. Ruta ile ile, mahali pale pale, pasiwedi nilibadilisha baada ya tatizo kuanza.

Mzee_wa_Waya

Dada umefanya kazi nzuri kuliko mafundi wengi niliowahi kuwaona, hilo la saa ya jiko nitaliiba.

Sasa tazama ulichokileta. Una magonjwa mawili yaliyovaa nguo moja. Ndo maana kila dawa ilikuwa inafanya kazi nusu.

La kwanza, ruta inajizima na kujiwasha yenyewe. Saa 1 na dakika 12 ndo ushahidi. Ikijiwasha inachukua dakika moja mbili mpaka iamke, muda huo jina linapotea hewani na hata mwenye waya anakatika. Hapa chaneli haihusiki hata chembe.

La pili, wifi peke yake inazidiwa huku ruta ikiwa imewaka vizuri. Hapo ndo 380, 1200, muda umeisha, wakati mwenye waya anakula 1, 1, 1. Hiyo ni kelele hewani au msongamano.

Hili la pili usiliache likufundishe vibaya kuhusu vimistari. Simu inapochora vimistari inapima inaisikiaje ruta. Haipimi ruta inaisikiaje simu. Sasa chukulia kelele ipo karibu na ruta, kama mtu amewekewa redio sikioni. Wewe ukiwa mbali unamsikia anavyoongea bila shida maana ana sauti kubwa, lakini ukimjibu haambulii kitu, na simu yenyewe ina sauti ndogo kuliko ruta. Unaona vimistari vitano na hakuna kinachopita. Kwa hiyo vimistari vimejaa na data haipiti, mimi naenda kukagua kilichopo jirani na ruta kabla ya kukagua kilichopo jirani na simu.

Kwa ruta kujizima, adapta ndo mshukiwa namba moja. Soma kibandiko chake kimeandika volti ngapi na ampea ngapi, halafu iguse saa mbili usiku. Kuwa na joto ni kawaida, kukuunguza mkono si kawaida. Adapta zinazeeka bila kelele, ndani kuna kapasita zinakauka, ruta ikiwa haina kazi inatosha, kazi ikizidi volti inashuka kidogo na ruta inaanguka.

Naomba kitu kimoja tu. Nenda nyuma ya ruta uniandikie kila waya uliochomekwa pale. KILA waya. Hata usiohusika.

Kasi_Tupu

Mie naona bado chaneli ijaribiwe. Na maikrowevu je? Inapikia kwa mawimbi ya karibu 2450 MHz, ni hapo hapo wifi ya 2.4 inapokaa, na jioni ndo watu wanapasha chakula.

Mzee_wa_Waya

Maikrowevu inasumbua kweli, ila inakata wakati inazunguka na ikilia kengele imeisha. Na ingesumbua zaidi laptopu iliyopo jikoni, si sebule nzima kwa saa tatu. Usiku wote huo angekuwa anapasha nini.

kipara_ngoto

Maharage 😭

mtu_wa_36

Naomba niingize neno maana naona karibu mtamwambia ahamie bendi ya 5 (na ahamie kweli, kelele nyingi za 2.4 hazifiki huko). Ila angalieni mtego ulionikalia mimi miezi. Niliacha 5 GHz kwenye otomatiki, ruta yangu ikapenda chaneli 100. Kumbe kuanzia 52 mpaka 144 nchi nyingi zinazitumia pia kwa rada, za hali ya hewa na nyinginezo, na sheria inaitaka ruta isikilize kwanza angalau dakika nzima kabla ya kutangaza jina, na ikihisi rada inyamaze iondoke hapo mara moja. Kwa hiyo mimi jina la bendi ya 5 likawa linapotea dakika moja linarudi, linapotea linarudi, na ile ya 2.4 ipo tu imetulia. Niliituhumu ruta, nikamtuhumu mke wangu, nikatuhumu umeme. Nilivyoibana kwenye 36 basi, na jina langu hapa nikabadilisha. 36, 40, 44, 48 hazina habari za rada.

Dada yeye kwa waya pia ilikata kwa hiyo kwake si hili, naandika kwa atakayekuja kusoma baadae.

Tausi_wa_Ghorofani

Nimeenda nyuma na tochi. Kuna vumbi la kufa mtu nimelifuta.

Waya wa umeme, adapta imeandikwa 12V 1.5A na ni ya moto, naweza kuishika ila sitaki kuishika. Waya unaotoka kwenye kisanduku cha faiba. Waya mwingine mtupu unaenda popote sijui, nimeufuata umeishia nyuma ya kabati haujachomekwa kitu. Na waya wa ile diski. Basi, hakuna kingine.

Mzee_wa_Waya

Diski gani?

Tausi_wa_Ghorofani

Diski ya nje ya filamu. Ya mume wangu, ameichomeka kwenye ruta ili tv izisome bila kuhangaika na flashi. Haina uhusiano na intaneti, ni filamu zipo humo humo ndani ya diski.

Mzee_wa_Waya

Imechomekwa lini?

Na tundu lake kwa ndani lina plastiki ya rangi gani?

Na ipo umbali gani kutoka kwenye antena?

Tausi_wa_Ghorofani

Bluu. Imelala juu ya ruta kabisa, kama kofia, antena ipo kiganja kimoja pembeni.

Nimemuuliza imechomekwa lini anasema "kama mwezi hivi". Nimeangalia kwenye simu, picha aliyonitumia siku anaifurahia ina siku 23.

Jamani 🙈

kipara_ngoto

"Sijabadilisha kitu chochote" niwekeeni kwenye fremu

Mzee_wa_Waya

Dada wala usione aibu, asilimia kubwa ya nyuzi za namna hii zinaishia hapa, mtu hasemi uongo, ni kwamba akilini mwake diski ni mambo ya tv na wifi ni mambo ya wifi.

Sasa nieleze maana hapa kuna utamu. Tundu la bluu kwa kawaida ni USB 3.0. Kasi yake ni gigabiti 5 kwa sekunde, na data ikikimbia kwa kasi hiyo kwenye waya na kiunganishi inamwaga kelele ya redio pande zote, na kelele hiyo inafunika mpaka maeneo ya 2.4 GHz. Si uvumi wa mtaani, Intel wenyewe walitoa maandishi kuhusu jambo hili mwaka 2012, walipima kabisa wakaonyesha kipanya kisicho na waya kinavyosumbuliwa kikikaa karibu na diski ya USB 3.0. Diski ikiwa imelala haina neno. Ikisomwa ndo inapiga kelele. Na inasomwa saa ngapi? Jioni, mkiangalia filamu. Umeilaza kwenye sikio la ruta. Simu zinaisikia ruta, ruta haizisikii simu. Mwenye waya hajali chochote, 1, 1, 1.

Hapo ni ugonjwa wa pili. Wa kwanza nao ni diski hiyo hiyo ikishirikiana na adapta. Tundu la USB 3.0 linaruhusiwa kutoa mpaka miliampea 900 kwa volti 5, yaani wati 4.5, na umeme huo wote unatoka kwenye adapta ya ruta. Adapta yako ya 12V 1.5A ikiwa mpya inatoa wati 18, ila hiyo yako imekula mwaka na inachemka. Diski ya kuzunguka inavuta zaidi pale inapoanza kuzunguka kuliko ikishazunguka. Ikikosa kazi kwa muda inalala. Mtu akisimamisha filamu akaenda kula, diski inalala, akirudi akabonyeza iendelee diski inaamka kwa kishindo, volti inashuka, ruta inaanguka. Hapo ndo nusu saa yako safi na dakika mbili za giza. Sina uhakika ni kila mara iwe hivyo lakini jaribio lake ni rahisi: chomoa diski, usiguse kingine chochote, si chaneli si pasiwedi, kaa jioni mbili uangalie pingi na muda wa kuwaka.

Narudia usiguse kingine. Ukibadili vitu vitatu kwa mkupuo ikapona hutajua ni kipi.

shoka_la_bei

Haya nimekubali, watoa huduma leo wamepona. Leo tu.

Tausi_wa_Ghorofani

Mrejesho, samahani nimechelewa nilitaka iwe jioni tatu nisije nikashangilia mapema.

Diski imechomolewa. Jioni ya kwanza pingi ya ruta haikuvuka 9 isipokuwa mara moja 31. Jioni ya pili hivyo hivyo. Leo ukurasa wa ruta umeandika siku 2 na saa 21, nimeipiga picha kama mtoto aliyeanza kutembea. Mkutano wa video wa jana nimeongea mpaka mwisho na walinijibu.

Jana saa tatu usiku nikafanya ukorofi wangu, nikairudisha diski nikaweka filamu huku natazama ule ukurasa mweusi. Haikuchukua hata dakika: 3, 3, 240, 900, muda umeisha. Nikasimamisha filamu, baada ya kama nusu dakika 3, 3, 2. Nikaiwasha tena, 700. Mume wangu amesimama nyuma yangu hasemi kitu. Ruta kuzima haikuzima kwa muda ule nilioangalia, ila siku 2 na saa 21 nadhani zinasema zenyewe.

Ila sasa kesi mpya: filamu zake anazitaka, na flashi ameikataa. Kuna namna vikae pamoja?

Mzee_wa_Waya

Vinakaa. Kwanza ingia kwenye setingi za ruta upande wa USB, ruta nyingi zina kitufe cha kuilazimisha USB 3.0 ifanye kazi kama 2.0, nyingine wanaandika wazi kabisa kwamba ni kwa ajili ya kupunguza usumbufu kwa 2.4 GHz. Kasi inashuka mpaka megabiti 480 kwa sekunde kwa makadirio ya karatasini, na filamu hata ikiwa ya ubora mkubwa sana haifiki nusu ya hapo, hamtaona tofauti. Tofauti mtaiona siku ya kunakili filamu nyingi kwa mpigo, hapo mnywe chai.

Pili isogeze. Waya wa kurefusha wa mita moja, diski ishuke chini ya kabati ruta ibaki juu peke yake. Haipendi kofia, na joto pia linapungua.

Tatu adapta ibadilishwe hata kama ruta haijaanguka tena. Hapa kuwa makini: volti lazima ziwe zile zile 12, ampea ziwe 1.5 au zaidi, 2 ni nzuri, ruta itachukua inachohitaji tu. Kichwa kiingie bila kulegea na ule mchoro mdogo wa kujumlisha na kutoa kwenye kibandiko ufanane. Ukiweka ya volti nyingi kwa sababu kichwa kimeingia utakuja kufungua uzi mwingine hapa na huo hautakuwa na matumaini.

Laptopu na tv zipeleke bendi ya 5, chaneli chukua zile za mtu_wa_36. Za 2.4 waachie simu zilizo vyumba vya mbali.

Kasi_Tupu

Na chaneli ya 2.4 weka 1, 6 au 11 😁 sijashindwa kabisa

Tausi_wa_Ghorofani

Nimeweka 11 kwa heshima yako.

Kitufe cha USB 2.0 nimekikuta, nimebonyeza, filamu imecheza saa nzima na pingi imebaki chini ya 10. Diski imeshuka chini. Adapta mpya 12V 2A imepatikana na mpaka sasa unaweza kuishika mkononi kama simu. Ile ya zamani mume wangu anataka kuiweka akiba, nimeifunga waya na kuiandika HII NI MBOVU kwa maandishi makubwa.

Chumba cha mwisho bado mawimbi hafifu, -78 dBm, ila huko ilikuwa hivyo tangu zamani kuna kuta mbili za zege na kabati la kioo. Ule waya mtupu wa nyuma ya kabati nimegundua unaelekea huko huko, kuna mtu aliwahi kuwaza kabla yangu.

Mzee_wa_Waya

-78 ni ya kusomea ujumbe, kwa video usihangaike nayo. Malizia huo waya uweke kidude cha wifi mwisho wake, usinunue vile vya kurudia mawimbi vya kuchomeka ukutani kama waya upo tayari, vingi vinapokea na kutuma kwa redio ile ile kwa hiyo kasi inakatika karibu nusu.

njiwa_manga

Samahani nimesoma uzi wote, na mimi yangu inakata kila jioni hivyo hivyo vimistari vimejaa. Nichomoe diski?

Mzee_wa_Waya

Unayo diski kwenye ruta?

njiwa_manga

Hapana

Mzee_wa_Waya

Basi anza na pingi mbili, halafu nenda nyuma ya ruta na tochi. Fungua uzi wako.

njiwa_manga

Sawa mkuu. Ila sijabadilisha kitu chochote